Kinu nilichokinyamazisha

Ua wangu ulinyamaza wakati wa mvua zilizopita, na aliyeunyamazisha ni mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu, asubuhi, nikiwa nimevaa koti. Nalitaja koti kwa sababu nililivaa makusudi. Mtu anayekwenda kumwambia jirani jambo la aibu huku akijiona ana haki huvaa vizuri.

Nimefundisha fizikia hapa Likasi, mji wa migodi wa Kongo, kwa zaidi ya miaka thelathini. Nina hasira za haraka na sipendi kukosolewa, na wanafunzi wangu wote watakuambia hivyo kabla hujawauliza. Mke wangu ndiye aliyejua kunicheka mpaka hasira ipite. Alifariki mwaka juzi. Watoto wetu wawili wanaishi mbali. Hupiga simu Jumapili baada ya ibada, wanauliza kama nimekula, nami nawaambia nimekula. Tangu mazishi nilijifunza kula nikiwa nimesimama. Redio niliiacha iseme mchana kutwa, na ukiniuliza ilisema nini, sijui.

Ujumbe wa mwanafunzi wangu ulinikuta katika hali hiyo. Katika miaka yangu yote ya ualimu, yeye peke yake ndiye aliyewahi kuniuliza swali ambalo ilinibidi niende nalo nyumbani. Sasa yuko chuo kikuu ng'ambo, anafanya utafiti. Hakuandika, alinitumia sauti, ndefu, mwishoni akacheka kama alivyokuwa akicheka darasani. Aliniita Prof, kama walimu wote tunavyoitwa huku.

“Prof, niko na kazi ya kukupatia. Haiko ya nguvu. Ni ya kukaa na kusikiliza.”

Kazi yenyewe nitaieleza kama ningeieleza darasani. Vitu vizito mno vinapozungukana huko angani, vinaitikisa nafasi yenyewe, ile tuliyomo sisi na nyota zote, na mtikisiko huo unasafiri. Huitwa mawimbi ya mvutano. Redio huzuiwa na mlima, huzuiwa na bahari, huzuiwa na mwamba. Yeyote aliyewahi kushuka mgodini anajua kwamba simu hufa baada ya hatua chache. Mawimbi haya hayazuiwi na kitu. Yanapita mlimani, yanapita ukutani, yanapita mwilini mwangu nikinywa chai, wala hayabishi hodi. Ndiyo maana wapo wataalamu wanaojiuliza: je, yanaweza kubeba neno? Kumfikia mtu aliye chini kabisa ya bahari, au upande wa pili wa sayari, pale ambapo redio haifiki?

Nilimuuliza swali la mwalimu: anayetuma ni nani?

“Hapo njo kuko shida, Prof,” akasema. Ili mwenzako ausikie mtikisiko wako, ingebidi utikise vitu vyenye uzito wa nyota. Chochote tunachoweza kukitikisa sisi hapa duniani hutoa wimbi dogo kiasi kwamba hakuna chombo kinacholihisi. Wengine wanawaza mitikisiko midogo ya kasi kubwa, itakayonaswa kwa sumaku zenye nguvu, lakini hayo bado yako kwenye karatasi. Nikamuuliza basi wanafanya kazi hiyo kwa ajili ya nani. Alisema kwa ajili ya watu ambao hawajazaliwa.

Sehemu yake yeye katika utafiti huo ni kusikiliza. Siku ujumbe wa namna hiyo utakapokuja, utakuwa dhaifu sana, umezama ndani ya kelele za ardhi: magari, mashine, nyayo za watu. Na kwa kuwa hakuna aliyewahi kupokea ujumbe wa mawimbi hayo, wanafanya mazoezi kwa ardhi ya kawaida. Wanarekodi mitetemo ya miji mbalimbali, kisha wanaifundisha kompyuta kutenganisha: hili ni lori, hii ni baruti, na hiki hapa ni kitu kinachorudiwa kwa makusudi. Alitaka mji mmoja wa migodi. Akakumbuka kwao, akanikumbuka mimi.

Kisanduku kililetwa na msafiri aliyekuwa akitoka Lubumbashi. Kilikuwa na ukubwa wa tofali, na kilikuja na betri, paneli ndogo ya jua, na laini ya simu ya kuzituma rekodi ng'ambo. Nilikichimbia chini kwenye pembe ya depo yangu, chumba kidogo nyuma ya nyumba. Pamoja nacho nilipaswa kujaza daftari lenye safu tatu: saa, kitu kinachotikisa, na idadi ya watu wanaokifanya. Maagizo yake yalikuwa mafupi. “Usibadilishe kitu, Prof. Ishi tu, na uandike unachosikia.”

Niliyasikia vizuri. Sina kisingizio.

Kwa miezi miwili nilikuwa mtu mwenye kazi. Niliandika baruti za mgodini, ambazo hufanya vikombe vigongane kabatini. Niliandika malori yenye madini, treni, na ngoma za chumba cha maombi kilicho barabara ya pili. Habari zilienea haraka kwamba Prof amefukia mashine ya kunusa kobalti. Mtu mmoja ambaye sijawahi kumwona alikuja na nyundo na patasi mfukoni, akanipa pendekezo la heshima kabisa kwamba tuchimbe chini ya sebule yangu tugawane. Nilimweleza habari ya mawimbi ya mvutano tangu mwanzo mpaka mwisho. Alisikiliza kwa subira, akaniambia atarudi nikiwa tayari kusema ukweli.

Na kila siku saa tatu asubuhi niliandika: kinu, mtu mmoja.

Kinu kilikuwa cha mke wangu. Kilisimama kwenye uwazi kati ya nyumba yetu na ya mama jirani, mjane wa umri wetu, mahali ambapo hatukuwahi kujenga ukuta. Kwa miaka mingi wanawake wale wawili walitwanga sombe, majani ya muhogo, pamoja kila asubuhi, michi miwili kwenye kinu kimoja, mmoja akipanda mwingine akishuka. Walikuwa wakisengenya mtaa mzima bila kukosa pigo, na sehemu kubwa ya masengenyo hayo ilinihusu mimi. Mke wangu alipofariki, kinu kilinyamaza majuma kadhaa. Kisha asubuhi moja nikasikia jirani ameanza tena, peke yake. Akimaliza kupika alinichotea bakuli dogo la sombe, akaliweka dirishani pangu, akaenda zake. Mimi nilikula nimesimama, nikaliosha bakuli, nikalirudisha. Hatukusema zaidi ya salamu. Tulikuwa tunamlilia mtu mmoja, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kulisema.

Sasa nieleze kosa langu. Ni kosa la mwalimu, tena mwalimu wa huku kwetu. Siku inspekta anapokuja shuleni, tunafagia ua, tunapiga chokaa mawe ya njiani, na wale wanafunzi wenye kelele tunawatuma wakachote maji mbali. Inspekta anakuta darasa limekaa kimya, kila mkono juu ya meza, anaandika kwamba shule ni nzuri. Nimefanya hivyo maisha yangu yote. Basi siku nilipoufungua mchoro wa kisanduku kwenye kompyuta ya kuazima, nikaona pale saa tatu pameharibika, mistari minene imeziba kila kitu kwa zaidi ya nusu saa, niliona aibu. Niliwaza kule ng'ambo wakubwa wa mwanafunzi wangu wanatazama mchoro huo na kuuliza: huyu mzee wako hawezi kutuliza hata ua wake? Nilitaka jina langu liwe zuri kwenye kazi ile. Hilo tu ndilo nililotaka, na lilinifanya kiziwi.

Nikavaa koti.

“Mama,” nilimwambia, “samahani. Kinu hiki kinaharibu kazi.”

Akauzuia mchi hewani. “Kazi gani, Papa Prof?”

“Ya mawimbi. Ya mwanafunzi wangu yule wa ng'ambo.”

“Kinu ya hapa inasikilikana mpaka kule?”

“Kwa namna fulani, ndiyo.”

Alinitazama, akakitazama kinu, kisha akautazama ule mchi wa pili, wa mke wangu, uliokuwa umeegemezwa ukutani tangu msiba. Nilikuwa nimejiandaa kwa ubishi. Nilikuwa na maelezo marefu, na mfano wa inspekta ndani yake.

“Basi, Papa Prof,” akasema. “Minye nitaacha.”

Nikakibingirisha kinu mpaka ndani ya depo, nikakisimamisha nyuma ya mlango pamoja na mchi wa mke wangu. Wa kwake aliondoka nao. Siku hiyo hiyo nilikwenda pia kwenye chumba cha maombi, kumwomba mchungaji apunguze ngoma. Alinipokea vizuri, akaniuliza kama ni kweli mawimbi hayo yanapita kila mahali. Nikasema ni kweli. Akasema hilo kwao si jipya, akakiombea kisanduku changu kwa sauti kubwa, na Jumapili ngoma zikapigwa kama kawaida. Mgodi nao haukuniuliza. Malori hayakuniuliza. Katika kelele zote za Likasi, moja tu ndiyo iliyonitii, ile ya mtu aliyekuwa ananiheshimu.

Mwezi haukuisha, mama jirani akahama kwenda kwa dada yake, mtaa wa Kikula. Alikuja kuniaga. Alisema dada ana maumivu ya miguu, nami nikampa pole ya miguu. Dirishani hapakuwekwa kitu tena. Kwenye daftari niliandika: saa tatu, kimya. Siku za kwanza niliandika kwa fahari, kwa mwandiko mzuri. Baadaye niliandika tu. Halafu yakaja majuma ambayo nilikuwa nakiona kile kimya kabla hata saa haijafika. Nilikuwa nakaa kitandani nimevaa viatu, nakingojea kianze, na kikianza sikuwa na mahali pa kukimbilia. Nilikuwa mpweke. Neno hilo nililikwepa kwa muda mrefu kwa kuwa nililiona ni la watu wasio na kazi.

Kisha mwanafunzi wangu akanitumia ujumbe mwingine wa sauti. Safari hii sauti yake haikuwa na kicheko.

“Prof, ulizima nini? Kulikuwa kitu ya saa tatu, kila siku. Njo kitu ya muzuri kupita yote tulipata, mu miji yote. Tulikuwa tunafundishia kompyuta nayo. Halafu imekatika mara moja. Ilikuwa nini?”

Nilimjibu: kinu. Mwanamke jirani akitwanga sombe. Nimemwambia aache ili kazi yako iwe safi. Nilipoandika neno “safi” mkono wangu wenyewe uliona haya.

Hakunilaumu, ingawa alikuwa na haki. Aliniuliza swali lingine, na kama lile la zamani, hili nalo ilinibidi nikae nalo. Alisema kutwanga wanakujua. Wana rekodi za miji mingine ambako watu wanatwanga. Mtu akitwanga peke yake, mchi ukipanda unashuka papo hapo. Huyu wa kwangu hakuwa hivyo. Anapiga, kisha panakuwa na nafasi tupu, urefu wake sawasawa na pigo, ndipo anapiga tena. Pigo, nafasi. Pigo, nafasi. Hakosei, siku zote za miezi miwili.

“Ni sawa vile anatuma neno, halafu anangojea jibu,” alisema. “Kila pigo. Alikuwa anangojea nini, Prof?”

Nilizima simu. Nikaanza kugonga meza kwa kidole, kama alivyoeleza. Pigo, nafasi. Pigo, nafasi. Mara ya tano au ya sita nikajikuta nagonga ile nafasi kwa kidole cha mkono wa pili, bila kufikiri, kwa kuwa masikio yangu yaliujua wimbo huo mzima kwa miaka mingi. Ile nafasi ilikuwa zamu ya mke wangu. Jirani alikuwa bado anamwachia zamu yake. Nililia pale mezani, kwa sauti, mwanamume wa umri wangu, na redio ikiendelea kusoma bei za mahindi.

Kesho yake nilitembea kwa miguu mpaka Kikula, bila koti. Nilimkuta mbele ya nyumba ya dada yake, ile ambayo wameijenga wenyewe chumba baada ya chumba, akiuza makala, mkaa wa kupikia, kwa mafungu. Alinipa kibao nikae.

“Papa Prof, leo koti iko wapi?”

“Nimekuja kuomba msamaha, mama.”

“Ya nini?”

“Ya kinu.”

Alipanga makala yake upya, ingawa yalikuwa yamepangika. Nikamwambia habari ya kisanduku, na mchoro, na nafasi zile tupu ambazo watu wa ng'ambo wameziona na mimi wa nyumba ya pili sikuziona.

“Ile ilikuwa yake,” akasema. “Mikono yangu ilizoea. Nikipiga bila kumungojea, niliona sawa vile namufukuza.”

“Kwa nini hukuniambia?”

Alinigeukia, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba ameumia. “Kukuambia nini? Weye ulikuwaka mule mu nyumba, dirisha wazi. Ulikuwa unasikia kila siku. Minye nilizani ni ju ya kusikia ile njo unaachaka dirisha wazi.”

Sikumwambia kwamba bawaba ya dirisha lile imevunjika tangu zamani na haliwezi kufungika. Niliinamisha kichwa akadhani nakubali. Ni uongo pekee niliomwambia, na niliusema kwa kunyamaza.

Nilimwomba arudi. Hata si kuhama. Aje tu asubuhi, mara moja moja, mimi nitakitoa kinu. Alitikisa kichwa polepole. Nyumba yake ya zamani ina wapangaji wengine. Na miguu ya dada ni kweli inauma.

“Tena sitaweza, Papa Prof. Ile siku ulibingirisha kinu mu depo, nilisema: basi, sasa njo amekufa kabisa. Minye nilimaliza kulia huku. Usinianzishe tena.”

Hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo. Nilipoinuka kuondoka aliingia ndani akanitolea fungu la majani ya muhogo, akanikabidhi mikononi.

“Utatwanga leo leo, ama kesho asubuhi,” akasema. “Yakilala sana yanaharibika.”

Asubuhi iliyofuata nilikitoa kinu depo na kukirudisha pale pale kwenye ule uwazi. Chini bado palikuwa na duara lake. Nikashika mchi wa mke wangu. Wapangaji wapya walitoka wote kutazama mzee akitwanga, na sikuwalaumu, ningetazama pia. Pigo la kwanza liliangukia ukingoni. La pili lilirusha majani mpaka kwenye shati langu. Lakini kupiga si kugumu, mtu hujifunza. Kigumu ni ile nafasi. Mchi unapanda, unauzuia juu, mikono inatetemeka, kila msuli unataka uushushe, nawe unakaa hapo muda wote wa pigo la mtu mwingine, ukimpisha. Mama jirani alifanya hivyo kila siku kwa zaidi ya nusu saa, kwa miezi, kisha akaniwekea chakula dirishani. Mimi siku ile sikufika dakika kumi.

Siku ya tatu mwanafunzi wangu aliandika. “Prof, imerudi! Lakini si yeye. Huyu anapiga mubaya sana.” Kisha, baada ya kitambo: “Ila naye anangojea.”

Nikafungua daftari ili nijaze. Kwanza nilirudi nyuma kwenye kurasa za ile miezi miwili, siku baada ya siku, pale nilipoandika: kinu, mtu mmoja. Nikakata kila mahali na kuandika: wawili, kwa kuwa yule wa pili alikuwa bado ana zamu yake. Ilinichukua asubuhi nzima. Nilipofika kwenye ukurasa wa siku ile nilitaka sana kuandika hivyo hivyo, na kalamu nilishaishika. Lakini mtoto yule ananiamini, na kazi yake inahitaji ukweli. Niliandika: saa tatu, kinu, mtu mmoja, anangoja.